Udongo wa kiwanja changu umeingia kwa jirani: sheria inasemaje, na nifanye nini kabla ya masika?

Swali: "Mhandisi, salaam. Ninajenga Kimara, Dar es Salaam. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, kimelala kwenye mteremko. Mwezi wa kumi nilichonga kiwanja chote kwa katapila, nikajenga msingi, hela ikakata kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu). Mvua za vuli zilipokuja udongo ulishuka ukajaza mtaro wa barabara, na mwingine ukaingia uani kwa mzee anayeishi chini yangu. Mwenyekiti wa mtaa ameniita mara mbili, na afisa mazingira anasema atanipiga faini. Fundi wangu anasema nina kibali cha ujenzi na mvua ni ya Mungu, hivyo hakuna sheria inayonigusa. Nani mkweli? Nifanye nini, maana masika ndiyo hiyo inakuja na hela ya kujenga ukuta sina? Na je, kuzibua ule mtaro ni juu yangu?"

Jibu: Dada yangu, fundi wako ana nusu ya ukweli. Mvua ni ya Mungu, ila udongo ni wa kwako, na wewe ndiye uliyeuvua majani yake kwa katapila muda mfupi kabla mvua haijafika. Hapo ndipo sheria inapokukuta.

Ukitafuta sheria moja yenye jina la "kuzuia mmomonyoko wakati wa ujenzi", Tanzania hutaipata. Mafundi wengi huishia hapo na kusema hakuna kitu. Kumbe vipande vyake vimetawanyika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi nchini wajibu wa kutunza mazingira, na inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira wake. Kwa hiyo huyo aliyekuja kwako hakuja kwa matakwa yake. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda hifadhi ya barabara, na mtaro ulioujaza umo ndani ya hifadhi hiyo. Kwa barabara za mitaani msimamizi ni TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kisha zipo sheria ndogo. Halmashauri za miji zina mamlaka ya kuzitunga chini ya sheria yao ya 1982, na karibu zote zina kifungu cha usafi kinachokataza kuziba mitaro au kumwaga vitu barabarani. Jirani naye ana haki yake mwenyewe, nje ya serikali kabisa, ya kukudai mahakamani kama umebadili njia ya maji ukamharibia mali.

Kibali cha ujenzi hakifuti hata kimoja kati ya hivyo. Kinasema tu kwamba ramani yako imepita na unaweza kujenga jengo lile, mahali pale. Kitoe kwenye faili usome masharti yake yote, pamoja na barua iliyoambatana nacho. Nimeshaona watu wanaolaminisha kibali na kukitundika kwenye mti wa kiwanja, nao hawajawahi kusoma mstari wa masharti.

Kuhusu faini usibishane, lakini usilipe mkononi. Mwombe afisa akuonyeshe sheria ndogo ya manispaa na kifungu anachokitumia. Ni haki yako kukiona. Ukilipa, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue stakabadhi. Ila kwa uzoefu wangu, afisa akifika akakuta kazi imeanza, mfereji umechimbwa na udongo umefunikwa, mazungumzo hubadilika. Wengi wao wanachotaka ni kuacha kuitwa na wananchi kila mvua inaponyesha.

Jambo moja nataka ulihakikishe wiki hii: je, chini ya kiwanja chako au pembeni yake kuna kijito? Kimara ina vijito ambavyo kiangazi ni njia ya mbuzi, masika ni mto. Sheria ya Mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inauhesabu ukanda huohuo kuwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa za hatari. Kama uko ndani ya mita hizo, swali lako si la udongo tena, na mimi si mtu wa kulijibu kwa maandishi. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa ukiwa na hati yako.

Tuseme hauko huko. Nyumba ya familia haihitaji tathmini ya athari kwa mazingira kama inavyohitaji kiwanda au barabara kuu, kwa hiyo hakuna atakayekudai mpango wa maandishi wa kuzuia udongo. Nalitaja hili kwa sababu wenzetu wamekwenda mbele. Kule Marekani, ujenzi unaovuruga ekari moja au zaidi lazima uwe na kibali cha maji ya mvua na mpango ulioandikwa, na ardhi iliyoachwa bila kazi huwekewa muda wa kufunikwa. Chini ya kibali cha serikali kuu mara nyingi ni siku 14. Serikali za majimbo na za mitaa hushuka chini zaidi. Maryland huanzia futi za mraba 5,000, kama mita za mraba 465. Kiwanja chako cha mita za mraba 600 kingenasa. Na tangu ukichonge kimekaa uchi kwa miezi, si siku 14. Huhitaji kungoja Dodoma itunge kanuni kama hiyo ili uifuate.

Basi tuje kwenye kazi.

Kwanza chukua chupa tupu ya maji ya lita moja. Tia konzi mbili za udongo wa kiwanja chako, jaza maji, tikisa kwa nguvu, weka juu ya tofali na utazame. Mchanga utaanguka papo hapo, utaona tabaka linajengeka chini huku ukihesabu. Kisha maji yatabaki na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya saa kadhaa tabaka laini litalala juu ya mchanga. Kesho asubuhi maji bado yatakuwa na wekundu. Huo wekundu ni udongo wa mfinyanzi, na chembe zake ndogo huchukua siku nyingi kuzama hata kina cha mita moja tu.

Kwenye chupa hiyo ndiyo kuna jibu langu lote. Mtu akipata tatizo kama lako, la kwanza kufanya ni kuchimba shimo chini ya kiwanja au kupanga viroba vya mchanga mpakani, akitegemea kuunasa udongo unapotoka. Atanasa mchanga. Mfinyanzi utampita huku anauangalia, uingie mtaroni, ushuke bonde la Msimbazi mpaka Jangwani, kule ambako karakana ya mabasi ya mwendokasi imefurika mara nyingi na mto unachotwa mchanga mwaka hadi mwaka. Mfinyanzi haunaswi kwa shimo la kwenye kiwanja. Dawa yake ni usiondoke pale ulipo. Kwa hiyo kazi inaanzia juu ya kiwanja ikishuka, na mtego ni wa mwisho.

Maji ya juu kwanza. Mvua ya milimita 30, ambayo masika ni jambo la kawaida, ikinyesha kwenye kiwanja chako inaleta lita 18,000, simtanki 18 za lita elfu. Hayo ni yako. Lakini ukiwa mteremkoni unapokea pia ya jirani wa juu yako, na ya aliye juu yake. Hayo usiyakaribishe. Chimba mfereji wa kukinga kwenye mpaka wa juu, kina kama sentimita 30, upana wa jembe mbili, na udongo unaoutoa uuweke upande wa chini wa mfereji uwe tuta. Mwambie fundi apime kwa ule mpira wa maji anaotumia kupata usawa wa msingi: mfereji ushuke sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, basi. Ukishuka zaidi ya hapo, maji yatachimba mfereji wenyewe ukawa korongo.

Mwisho wa mfereji ndipo watu wanapoharibu. Wanaukata pale mpaka unapoishia, maji yanamwagikia kwa jirani kwa nguvu kuliko zamani, na hilo ndilo litakalokupeleka mahakamani. Uzungushe pembeni mpaka ufike mtaroni, na pale unapoingia panga mawe makubwa ili maji yatue juu ya jiwe, yasitue juu ya udongo. Kabla ya kuuunga na mtaro wa barabara pita ofisi ya TARURA ya wilaya uwaeleze.

Pili, funika. Hapa ndipo ningeweka hela yangu kama ningekuwa na shilingi laki moja tu. Tone la mvua likigonga udongo mtupu linarusha chembe pembeni. Utaliona hilo kwenye kuta za nyumba zisizopigwa plasta, zile alama nyekundu zinazopanda mpaka magotini. Udongo ukiwa na kitu juu yake, tone linavunjikia huko na maji yanashuka taratibu. Kitu chenyewe hakihitaji kuwa cha dukani. Nyasi kavu, mabua, majani ya migomba, makuti ya zamani ambayo mtu kayashusha paa akabadili kwa bati. Yatandaze mpaka usiuone udongo, unene wa vidole vitatu hivi, kisha lalisha matawi au vuta kamba juu yake upepo usiyachukue. Kwenye mteremko mkali makuti ni bora kuliko nyasi kwa sababu hayatelezi. Yalaze kukingama na mteremko, si kushuka nao.

Mvua zikishaanza, panda. Ukoka unatambaa haraka na ni wa bure. Vetiva, aina ya nyasi ndefu, ni bora kwenye kingo kali. Ipande kwa mistari inayofuata usawa, miche ikiwa imekaribiana, upana wa kiganja kati ya mmoja na mwingine, maana mstari wenye mapengo ni kazi bure. Mizizi yake inashuka wima, hata mita tatu, haitambai kwenda kusumbua msingi. Na pale ambapo hutajenga kwa mwaka huu mimi hupanda matembele. Ndani ya wiki chache yanafunika ardhi kama zulia, na vibarua wanapata mboga. Sharti moja: chuma majani, usichimbe viazi. Ukichimba umerudi ulikotoka.

Lile rundo la udongo wa juu mliloliacha kando, pamoja na mchanga wa kujengea, visogeze mbali na mtaro, vifunike kwa turubai na kuzungushia matofali mstari mmoja. Nimeshuhudia mtu analipia lori zima la mchanga Ijumaa, Jumapili nusu yake iko kalavatini. Na mchanga usimwagwe barabarani hata kama ndiyo desturi ya mtaa mzima.

Tatu, sasa tufike mpakani kwa mzee. Weka uzio wa viroba, na niruhusu nieleze kwa urefu maana niliwahi kuaibika nao. Miaka ya nyuma nikisimamia nyumba kwenye mteremko kama wako, nilimwambia fundi aweke uzio wa viroba vya salfeti vilivyopasuliwa na kushonwa pamoja, mita kama 40. Uliposimama ulipendeza, umenyooka, miti imepangwa kwa hesabu. Nikapiga picha. Mvua ya kwanza iliponyesha nilirudi asubuhi nikakuta viroba visafi kabisa, kama nguo zilizotoka kufuliwa, na tope lote limepita chini yake mpaka jikoni kwa mama wa watu, likazamisha miguu ya jiko la mkaa. Fundi hakuzika ncha ya chini, na mimi sikuikagua. Nilikuwa nimetazama uzio, sikutazama ardhi.

Kwa hiyo: chimba kijifereji cha kina cha kiganja kizima au zaidi, ingiza ncha ya chini ya viroba humo, rudishia udongo na ushindilie kwa miguu. Miti iwe kila mita moja na nusu, nayo isimame upande wa chini wa kiroba, ili maji yakisukuma yakibane kwenye mti badala ya kukibandua. Uzio ufuate usawa wa ardhi, na ncha zake mbili uzikunje kupanda juu kidogo kama bakuli, la sivyo maji yatazunguka pembeni. Usiuweke kamwe kukatiza mfereji wenye maji yanayokimbia. Hapo utang'oka siku ya kwanza. Kwenye mfereji weka vizingiti vidogo vya mawe, katikati viwe chini kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Tope likifika theluthi moja ya urefu wa uzio, litoe ulirudishe juu.

Kwenye kona ya chini kabisa unaweza kuongeza shimo la kutega mchanga. Maji yaingilie upande mmoja yatokee upande wa pili ulio mbali, yasiingie na kutokea palepale. Lisizidi kina cha goti, lizungushie kitu kwa sababu ya watoto, na baada ya mvua lichote maji usije ukawa unafuga mbu. Kama nilivyosema, litashika mchanga tu, usilidai zaidi.

Njia ya kuingilia magari itandaze mawe na vifusi vya matofali kwa urefu wa mita sita hivi. Bila hivyo kila lori linaondoka na udongo wako kwenye matairi na kuupanga barabarani, na mvua inauingiza mtaroni hata kama uzio wako ni wa mfano.

Ukuta wa kuzuia udongo uache mpaka upate hela, na siku hiyo usimwachie fundi akadirie kwa macho, hasa ukizidi mita moja na nusu. Ukuta usio na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake hubeba udongo na maji kwa pamoja, na ukianguka utaangukia kwa yule yule mzee. Jambo ambalo watu hulisahau ni paa. Siku utakayoezeka, paa la mita za mraba 150 litakusanya lita 4,500 kwenye mvua ile ile ya milimita 30 na kuzidondosha kwenye mstari mmoja chini ya kingo za bati. Mifereji ya paa na simtanki viingie kwenye bajeti ya kuezeka. Visingoje rangi na mageti.

Yote haya yakishakamilika, mvua kubwa ya kwanza uwepo. Chukua mwavuli na koleo, usikae kwenye gari. Dakika 20 za kusimama kiwanjani wakati maji yanapita zitakuonyesha kitu ambacho mimi siwezi kukiona nikiwa hapa: maji yanaingilia wapi, yanakusanyikia wapi, uzio unapinda wapi. Piga picha zenye tarehe, kabla na baada. Mwenyekiti akikuita mara ya tatu utakuwa na cha kumwonyesha.

Kwa mzee nenda mwenyewe, usimtume fundi. Nenda na mjumbe, umpe shikamoo yake, ukubali kwamba udongo ni wako kabla hajakuambia yeye. Mwonyeshe unachokwenda kufanya mpakani, umwombe ruhusa ya vibarua kuingia uani kwake kutoa tope, na kama kuna kitu kimeharibika mkubaliane mbele ya mjumbe na muandike. Wazee wengi hawadai hela. Wanadai mtu aje. Mkishindwana, baraza la kata lipo kwa ajili ya kuwasuluhisha, lakini mkifika huko mtakuwa mmeshapoteza ujirani, na huyo ndiye mtu atakayekulindia tofali zako usiku.

Sasa mtaro. Mtaro ni wa TARURA, udongo uliomo ni wako, na moja ya kanuni zilizomo ndani ya Sheria ya Mazingira ni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Kwa hiyo ndiyo, kuzibua ni juu yako, angalau kuanzia kiwanja chako mpaka udongo wako ulipoishia. Tumia koleo na toroli, usisukume kwa mpira wa maji maana utakuwa umeupeleka kwa mwingine. Na usiutupe. Umesema msingi umesimama na jamvi halijamwagwa, maana yake ndani ya msingi unahitaji kifusi, na ulikuwa unajiandaa kukinunua. Uchekeche kutoa mifuko ya plastiki na mizizi, umwage kwa tabaka za sentimita 15, uloweshe kidogo na kushindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Penye tope tupu la mfinyanzi usiweke. Hilo lirudishe juu chini ya makuti. Na kama sehemu iliyoziba imeingia ndani ya kalavati la barabara, vibarua wasitambae humo. Waite TARURA, uwaambie wazi kwamba gharama unachangia.